Tunafungua semina kwa sala, tunafunga kwa posho hewa: tuzungumze kuhusu nyumba za ibada na fedha ambazo hatuulizi zilikotoka

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nyuzi za rushwa humu jukwaani karibu zote huishia mahali pamoja. Mmoja anasema "Watanzania tumwogope Mungu", wa pili anasema dini ndizo zimetulemaza, kisha udini unaingia na wasimamizi wanafunga uzi. Naomba leo tujaribu njia nyingine.

Mimi ni mhasibu. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukagua hesabu za miradi inayoendeshwa na taasisi za dini, za Kikristo na za Kiislamu: visima, zahanati, shule, vikundi vya kuweka na kukopa. Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi ili anayepinga apate pa kushika. Mahubiri dhidi ya rushwa tunayo ya kutosha. Tulikoshindwa ni kwenye kapu la sadaka. Kila mtoto aliyepita madrasa au shule ya Jumapili anajua rushwa ni dhambi, lakini hajawahi kuona mtu mwenye fedha za mashaka akikataliwa mchango wake mbele ya waumini. Anachokiona ni mtu huyo kukalishwa mbele.

Maandiko hayana utata. Kutoka 23:8 inakataza kupokea rushwa kwa sababu inawapofusha wanaoona. Surat al-Baqara, aya ya 188, inakataza watu kulana mali zao kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili wale mali za wengine kwa dhambi. TANU, chama kilichotuletea uhuru, iliweka kwenye ahadi za mwanachama maneno "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa", na wazazi wetu waliyakariri mpaka yakawa kama sala. Novemba 2015 Papa Fransisko aliwaambia vijana pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwamba rushwa ni kama sukari: ni tamu, tunaipenda, na mwisho wake ni kuumwa. Vijana walimshangilia sana.

Sasa tazameni fahirisi ya rushwa ya Transparency International ya mwaka 2024, ambayo alama 100 ni nchi safi kabisa. Tanzania 41. Kenya 32. Uganda 26. Kongo (DRC) 20. Burundi 17. Hizi ni nchi ambazo Ijumaa na Jumapili ukichelewa unasali umesimama nje. Na kabla hamjaniambia kwamba tatizo ni wingi wa dini, Rwanda ilipata 57. Rwanda na Burundi ni majirani, wana madhehebu yale yale na lugha zinazokaribia kuwa moja, lakini wamepishana alama 40. Kwa hiyo kuwa mtu wa dini, peke yake, hakutuelezi chochote. Kinachoeleza ni jambo gani linampata mtu akiiba, na nani anakuwa tayari kumwambia hapana.

Kwenye miradi mambo yako hivi. Semina ya siku tatu ya kamati za maji inafunguliwa kwa sala ya Kikristo na dua ya Kiislamu, kwa sababu mradi ni wa wote. Watu wanainamisha vichwa kwa dhati kabisa, hakuna anayeigiza. Baada ya chai inapitishwa karatasi ya mahudhurio, na mratibu anawaomba wote wasaini siku zote tatu kabisa, "ili mhasibu asihangaike". Semina inaisha siku hiyo hiyo jioni. Marejesho yanapokuja mezani kwangu kila kitu kimekamilika: sahihi za siku tatu kwa kalamu moja, mwandiko ule ule, na risiti ya gesti ya vyumba kumi na vinane wakati gesti yenyewe ina vyumba kumi.

Kuna semina moja siwezi kuisahau. Mzee mmoja katekista alisaini siku ya kwanza, akairudisha karatasi. Mratibu akamwambia mzee hujamaliza. Akajibu kwamba hizo nyingine hazijafika, zikifika atakuja kusaini. Ukumbi ukanyamaza. Nilitegemea watu waone aibu. Badala yake walimkasirikia. Walimwambia anajifanya mtakatifu, anawaharibia wenzake, kuna watu wana ada za watoto. Mama mmoja, mwema kabisa, ambaye namfahamu kwa kulea yatima, alimwomba kwa upole awahurumie wenzake. Nisikilizeni vizuri hapo: kwa hesabu ya mle ukumbini, mwenye dhambi alikuwa ni yule mzee. Kosa lake lilikuwa kukosa huruma. Posho hewa ilihesabiwa kuwa ni mgawo, na kugawana ni jambo jema.

Semina iliyofuata mzee yule hakualikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa namna dini inavyofanya kazi kwenye miradi yetu. Tumefundishwa vizuri sana ukarimu, upendo na kutomwacha mwenzako. Hayo ni mafundisho mazuri, na ndiyo yanayofanya zahanati nyingi za dini ziendelee kutibu watu hata bajeti ikikauka. Lakini uaminifu kwa mali ya watu usiowajua, ambao hawapo ukumbini, hatujafundishwa kwa nguvu ile ile. Mfadhili yuko mbali. Serikali haina sura. Mlipa kodi hatumjui. Mwenye ada ya mtoto amekaa jirani yako, unamwona.

Sasa chukueni moyo huo mwende nao kwenye harambee ya ujenzi. Mgeni rasmi ni mbunge, mkurugenzi au mfanyabiashara mwenye tenda. Anatangaza milioni kumi. Kwaya inaimba, vigelegele vinapigwa, kiongozi wa dini anamshika mkono na kumwombea azidishiwe. Nani kati yetu amewahi kusikia mtu akiuliza, hata kwa sauti ya chini, milioni kumi za mtumishi wa umma zimetoka wapi? Mwizi akitoka pale hana tena haja ya kuogopa macho ya watu. Wapwa zake wamemwona akiombewa. Vijana wa usharika wamejifunza somo ambalo hakuna hubiri litakalolifuta.

Mnakumbuka sakata la Tegeta Escrow, la mabilioni yaliyotolewa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Ripoti ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ya mwaka 2014 ilipotaja waliopokea mgao, mlikuwa na majaji, wanasiasa na viongozi wa dini pia. Waziri mmoja alieleza kwamba shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango wa shule, na Desemba mwaka ule Rais akamwondoa kwenye uwaziri. Sihukumu mtu hapa, na inawezekana wapo waliopokea kwa nia safi. Ninachosema ni kwamba maneno "ni mchango" na "ni kwa ajili ya shule" kwetu yanafunga mjadala. Kazi njema ikitajwa, hatuulizi tena.

Kwa Wakristo wenzangu, fungueni Mathayo 27:6. Yuda amevirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Makuhani wakuu, watu wale wale waliomlipa, wanasema si halali kuviweka katika sanduku la sadaka kwa kuwa ni kima cha damu. Hata wao waliliona hilo.

Karibuni tujadili. Matusi ya dini tuyaache nje.

#2 Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, uzi mzuri ila umewalaumu masikini. Huyo mama wa ada unataka afanyeje? Mshahara wa mwalimu unaujua. Watumishi wanaishi kwa posho kwa sababu mshahara haufiki tarehe 15. Na hizo fedha za mbunge tukizikataa, zahanati itajengwa na nani? Huku kwetu hospitali ya kanisa ndiyo Hospitali Teule ya wilaya, serikali haina nyingine. Jengo la wazazi lilisimama miaka kwa kukosa bati. Amekuja mwanasiasa, bati zimepatikana, akina mama wanajifungua chini ya paa. Nenda kamuulize mama mwenye uchungu kama anataka kujua fedha zilitoka wapi.

Halafu mahubiri hayajawahi kuzuia rushwa popote. Sheria ndiyo inayozuia. Mwalimu Nyerere hakuishia kukaririsha watu ahadi za TANU. Sheria ya 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24 kwa mla rushwa. Nusu anakula akiingia gerezani, nusu akitoka, akamwonyeshe mkewe. Siku hizi tunawaombea.

#3 Mchangiaji, Tanga

Assalaam alaykum wana jamvi. Naomba niseme ya upande wetu Waislamu, maana mleta uzi kaenda sana makanisani, na kwetu hali si nafuu.

Mafundisho yapo tena ya wazi kuliko watu wanavyodhani. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim ipo hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi akatenga mafungu mawili: haya ni yenu, na haya nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama hizo zawadi zingemfuata? Hapo masheikh walipata hukumu nzima ya zawadi za mtumishi wa umma. Kipimo ni rahisi mno: je, ungepewa hicho kitu kama usingekuwa na hicho cheo? Sisi Tanzania tulifika mahali sheria ya uchaguzi ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Hadithi ile ingetutosha tangu mwanzo.

Na kwa ndugu wa Mbeya anayesema mishahara: Surat at-Tawba aya ya 60 imewataja wanaoishughulikia zaka kati ya makundi manane yanayostahiki fungu. Maana yake mkusanyaji alipwe kihalali na kwa uwazi. Kwa hiyo dini haikusema ale hewa na wala haikusema afe njaa.

Sasa aibu yetu. Nendeni vijijini mkahesabu visima vya wafadhili wa Kiislamu kutoka nje. Mfadhili ametoa sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu mzazi wake. Kisima kinachimbwa, kibao cha marumaru kinawekwa chenye jina la marehemu, picha inapigwa, watoto wanainua ndoo, picha inatumwa. Mwaka unaofuata pampu imeharibika. Hakuna kamati, hakuna fundi aliyefunzwa, hakuna fedha ya vipuri. Mwakilishi hapa nchini halipwi kwa maji kutoka, analipwa kwa idadi ya visima. Nimeona kijiji chenye visima viwili vyenye vibao, na akina mama wanateka mtoni. Mtu akiuliza bei halisi ya uchimbaji na bei aliyoandikiwa mfadhili, anaambiwa anazuia kheri. Hilo neno "unazuia kheri" limezima maswali mengi sana misikitini kwetu.

Sadaka yenye kuendelea ambayo haiendelei ni nini sasa? Marehemu ana haki yake pale. Tumemdhulumu hata maiti.

#4 Mchangiaji, Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Mleta uzi anasema hajaona mchango ukikataliwa. Kwetu umekataliwa, na nadhani mnapaswa kujua ulivyokataliwa.

Kwetu harambee ya kanisa ni siasa yenyewe. Mwanasiasa anahama kanisa hadi kanisa kila Jumapili na bunda la noti, anapewa kipaza sauti, anatukana wapinzani wake madhabahuni. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena katika ibada zao. Wengi tulidhani ni maneno tu.

Halafu ikaja 2024. Vijana walipoingia barabarani mwezi Juni kupinga Mswada wa Fedha, hasira yao iliyafikia makanisa pia. Waliuliza kwa nini wachungaji wako kimya, na jibu walilipata wenyewe: mdomo uliolishwa hausemi. Tarehe 5 Julai Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Katikati ya Novemba maaskofu Wakatoliki wakatoa taarifa kali kuhusu serikali, wakasema uongo umekuwa mazoea. Siku chache baadaye Rais akaenda kanisa la Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi cha watoto, milioni 2 za nyumba ya padri, akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa barua: fedha zirudishwe, na ahadi tumezikataa. Zirudishwe! Mimi si Mkatoliki, lakini siku hiyo nilisimama wima sebuleni kwangu.

Msidhani vita viliisha hapo. Machi 2025 Rais alitoa milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, Nairobi. Jumapili iliyofuata vijana walienda kuandamana na polisi wakawapiga vitoa machozi. Kwa hiyo ukikataa wewe, jirani atapokea. Lakini kuna kitu kimebadilika. Zamani tulikuwa tunauliza "ametoa ngapi?" Sasa vijana wanauliza "ametoa wapi?"

#5 Mleta uzi

Ahsanteni sana. Shehe wa Tanga umeniongezea kitu ambacho nimekiona kwenye vitabu vya hesabu bila kupata jina lake. "Unazuia kheri" upande wetu inaitwa "unarudisha nyuma kazi ya Mungu". Ni kufuli lile lile.

Ndugu wa Mbeya, hoja yako ni nzito na sitaiponda. Kuhusu sheria niko na wewe kabisa, na ndiyo maana nilitaja Rwanda na Burundi. Lakini sheria inatekelezwa na watu. Askari, hakimu, mchunguzi wa TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), shahidi, wote wana mjomba, wana jumuiya, wana msikiti. Siku mshtakiwa anapofika mahakamani akiwa na picha yake akikabidhi mabati kanisani, shahidi wa kwanza anapoteza ujasiri. Atasemaje mbele ya jumuiya yake kwamba yule aliyetujengea ni mwizi? Viboko vya 1963 vilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na aibu iliyoambatana navyo. Ukimtoa mtu aibu, kifungo kinageuka bahati mbaya tu, na akitoka tunamfanyia ibada ya shukrani.

Kuhusu mama na paa la wodi: naomba tufuate hesabu mpaka mwisho. Kama mwanasiasa alitoa milioni kumi kutoka kwenye tenda iliyopandishwa bei, paa lile alilipia yule mama mwenyewe, kwa kodi ya sukari, sabuni na vocha ya simu. Alilipia paa zima na jengo la pili ambalo halikujengwa. Kisha akapigishwa magoti ashukuru. Mimi sitaki mama azalie juani. Nataka bati zile zije kupitia bajeti ya halmashauri, kama haki yake, bila kumshukuru mtu.

Tazameni pia Zakayo, Luka 19. Mtoza ushuru tajiri, ametubu kweli. Anasema nini? Nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama alimnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Anamrudishia yule aliyemnyang'anya. Hakuna ujenzi wa sinagogi mle, hakuna jiwe la msingi lenye jina lake. Toba kwenye Luka ina mwathirika anayelipwa. Toba yetu ina kamati ya ujenzi inayolipwa, na mwathirika yuko nje ya geti.

Niseme na la heri, maana lipo na ni kubwa. Mwaka 2008, Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) walisimama pamoja kufadhili ripoti kuhusu madini yetu: kampuni zinachimba dhahabu kiasi gani, na nchi inabaki na nini. Mwaka 2012 kamati yao ya pamoja ikarudi na ripoti nyingine kuhusu misamaha ya kodi, ukwepaji na fedha zinazotoroshwa, ikakadiria kwamba tunachopoteza kinaweza kuzidi dola bilioni 1 kwa mwaka. Maaskofu na masheikh walikaa meza moja kusoma mikataba na jedwali za kodi. Wakati huo kuyazungumza hayo halikuwa jambo jepesi. Wanasiasa waliwaambia warudi kwenye mimbari, nao hawakurudi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi bora kuliko semina zote za maadili nilizowahi kukagua, kwa sababu iliuliza swali lenye namba.

Na hapo ndipo donge langu lilipo. Tuliweza kuiuliza kampuni ya kimataifa dhahabu yetu iko wapi. Hatuwezi kumuuliza mwenyekiti wa kamati ya ujenzi saruji iko wapi. Ujasiri upo, lakini unaelekezwa mbali, kwa mtu tusiyesali naye.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Uzi mzuri lakini hamuwezi kuzungumza dini na maendeleo Tanzania mkaruka mkataba wa 1992 kati ya serikali na makanisa. Fedha za walipa kodi wote zinakwenda hospitali na shule za makanisa kupitia utaratibu ule. Waislamu wamelalamika miaka thelathini. Jamii yenye kinyongo cha nani anapewa haitakuja kuungana kuuliza zinatumikaje.

#7 Mleta uzi

Mkuu, malalamiko hayo ni ya kweli na yana mizizi mirefu: EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku 1968, na BAKWATA ikaundwa mwaka ule ule. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipata majengo yake kwa Rais Mkapa baadaye sana, na kilifunguliwa 2005. Sitaki kulizungusha. Kwa kifupi, kama mkaguzi, naona kwamba fedha za umma zikiingia kwenye hospitali ya dini yoyote, hesabu zake zibandikwe ukutani pale pale mapokezi, zisomwe na kila anayeingia, awe na rozari au tasbihi. Mwislamu anayetibiwa hospitali ya kanisa ana haki ya kuuliza dawa zimekwenda wapi sawa na Mkristo aliyekaa naye benchi moja. Watu wakiulizana hilo pamoja, kinyongo kitapungua chenyewe. Mkataba wenyewe tuufungulie uzi wake.

#8 Mchangiaji, Iringa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhazini wa usharika, nimechaguliwa mwaka huu, ni kijana na nina wazee juu yangu. Tuna harambee ya ofisi ya mchungaji mwezi ujao na mgeni rasmi ni kiongozi mkubwa wa hapa. Nimesoma yote. Naomba kuuliza kitu cha vitendo: mimi nifanye nini? Siwezi kusimama kanisani nikamwambia mheshimiwa fedha zako sizitaki. Nitafukuzwa siku hiyo hiyo, na mama yangu anaimba kwaya.

#9 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Usisimame peke yako mbele ya mheshimiwa. Hilo ni la baraza la wazee, tena kabla ya siku yenyewe. Wazee wengi hawapendi kumkatalia mtu usoni, lakini wanaheshimu utaratibu. Peleka pendekezo la maandishi la ukurasa mmoja, lihusu kila mtoaji bila kutaja jina la mtu: mchango wowote unaozidi kiwango mtakachokubaliana upitie benki, uwe na jina la anayetoa na risiti, na hautangazwi kwa kipaza sauti. Wote watangaziwe jumla tu. Utaona mwenyewe jinsi baadhi ya wageni rasmi wanavyopata dharura siku ile wakisikia hakuna kipaza sauti. Fedha za mtu aliyekuja kumtolea Mungu hazitapungua hata senti.

Ukiulizwa msingi wa maandiko, wasomee Wakorintho wa Pili, sura ya 8, mstari wa 20 na 21. Paulo anabeba mchango wa kwenda Yerusalemu, na hakubali kuubeba peke yake. Anafuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, wakiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume Paulo! Kama yeye alikubali kuhesabiwa, mwenyekiti wa ujenzi hawezi kusema anavunjiwa heshima.

Pili, usharika wako tayari una silaha ambayo halmashauri nyingi hazina, nanyi hamuioni kwa sababu mmeizoea. Jumapili baada ya ibada sadaka inahesabiwa na wazee kadhaa mezani, mnaandika, mnasaini, na wiki inayofuata inasomwa mbele ya watu: sadaka ya wiki iliyopita ilikuwa kiasi hiki. Bibi asiyejua kusoma anasikia na anakumbuka. Tatizo ni kwamba mnasoma mapato, matumizi hamsomi. Ongeza sentensi tatu tu kwenye matangazo: saruji mifuko mingapi, bei gani kwa mfuko, imenunuliwa duka gani. Kwenye usharika wa kijijini kuna fundi mwashi, kuna mwenye duka, kuna dereva wa lori, na wote wanajua bei ya saruji ya wiki hiyo. Hutahitaji mkaguzi kutoka mjini. Mimi nimekagua miradi yenye mafaili ya kupendeza iliyoliwa yote, na nimekuta kamati ya msikiti mmoja wa mabati yenye daftari la mkono, inayosoma matumizi kila Ijumaa baada ya swala, haijapoteza hata misumari.

Tatu, jilinde. Usikae na fedha nyumbani hata usiku mmoja. Usisaini hundi tupu kwa sababu mwenzako anasafiri. Risiti ikikosekana andika "haina risiti" na tarehe, usiitafutie nyingine. Akija mzee unayemheshimu akakwambia "andika tu, Mungu anajua", mjibu kwa adabu kwamba Mungu anajua lakini washarika hawajui, na wewe umechaguliwa na washarika.

Anza na daftari la saruji. Baraza likikubali kusoma matumizi, njoo utuambie washarika waliuliza nini. Baraza likikataa, njoo pia, uje na sababu walizotoa, tuzijibu humu moja moja kabla ya tarehe ya harambee.